Kupima Kina cha Rauta, na Neno Nililomwambia Makame

Kabla ya kupima kina, chomoa plagi. Ningeweza kuishia hapo, wanangu, na ningekuwa nimekwambieni karibu yote ninayoyajua kuhusu rauta. Lakini vijana nawajua. Ukimwambia neno moja tu anakujibu "sawa mzee", na mkono wake haujasikia kitu. Kwa hiyo nipeni nafasi kidogo nikusimulieni mambo ya karakana yetu ya Malindi, na jinsi neno moja nililolitamka bila ya kufikiri lilivyomtoa mwenzangu vidole viwili.

Mimi ni Khamis. Nimefanya useremala wa milango na makasha miaka thelathini na minane, mpaka mwaka juzi magoti yaliponikatalia kusimama mezani. Nilipoanza hatukuwa na mashine hata moja. Tulikuwa na msumeno, randa, nyundo ya mti na patasi za kila upana, na tulikuwa na Fundi Vuai.

Fundi Vuai ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mfupi, mikono mipana kama sahani za pilau. Kwa kawaida alisema nasi Kiswahili cha mjini, lakini akikasirika alirudi kwenye Kimakunduchi chake, nasi watoto wa mjini tukawa tunatukanwa bila ya kujua tumetukanwa nini. Tulikuwa tukitazamana tu, kila mmoja anaomba liwe limemwangukia mwenzake.

Yeye kina alikipima kwa kijiti cha kibiriti. Anakitia alama kwa ukucha, anakisimamisha ndani ya mfereji, alama ikilingana na uso wa mbao basi kazi imekwisha. Ukimwambia rula ipo, anakujibu, "Rula inataka miwani. Kijiti kinataka kidole." Na alikuwa akituambia jambo jengine ambalo nililielewa baadaye sana: "Patasi inakuuliza kabla ya kuingia. Mti ukiwa na kifundo, patasi inakwambia mkononi. Mashine haikuulizi. Inakwenda pale ulipoituma."

Hayo alikuwa akiyasema juu ya mashine ambazo hatukuwa nazo. Siku moja akaja na rauta ndani ya boksi. Aliinunua mwenyewe, hakumshauri mtu, akaliweka boksi juu ya kabati, na likakaa pale wiki tatu halijafunguliwa. Kila mteja akiingia Fundi analionyesha kwa kidevu: "Tuna mashine sisi." Mteja akiuliza inafanya nini, anajibu, "Inangoja."

Kwa asiyeijua, rauta ni mashine ya umeme yenye vishikio viwili, na katikati yake mna kisu kidogo tunachokiita biti, kinachozunguka kwa kasi hata jicho halikioni. Unaisimamisha juu ya mbao, unaikandamiza, biti linashuka na kuchimba mfereji. Kina ni ule urefu wa biti unaoingia ndani ya mbao. Kikipungua, ubao wa mlango haukai kwenye fremu yake. Kikizidi, umetoboa mlango wa watu, au mashine imekurukia.

Mimi ndiye niliyeomba niifungue. Nilikuwa nishapita miaka thelathini, nina mke na watoto, na nilijiona nshakuwa fundi. Nikatakiwa nichimbe mfereji wa nusu inchi kwenye kipande cha mbao ngumu ya msaji. Nikashusha biti kwa jicho, nikakaza, nikaiwasha, nikaikandamiza yote kwa pigo moja. Ikaanza kulia. Msaji ukaanza kutoa moshi. Mimi nimeng'ang'ania vishikio, mikono inatetemeka mpaka meno yanagongana, na nyuma yangu nasikia sauti ya Fundi Vuai, imepoa kabisa:

"Khamis, unapika nini?"

Nilipoinyanyua, biti lilikuwa limeungua jeusi. Kukaza nilikodhani nimekaza hakukuwa kukaza. Biti lilikuwa likiteremka lenyewe kila mashine ilivyotikisika, likaupita ule msaji, likaingia kwenye meza. Fundi akaitazama ile tundu ya meza, akachomoa penseli yake sikioni, akaitia mle. "Haya," akasema, "tumepata pahala pa penseli."

Kisha akavuta kigoda akakaa, akataka niifungue mashine yote mbele yake, tuisome pamoja kama watu wanaosoma barua. Tuliyoyapata siku ile, na mengine tuliyoyapata kwa miaka, ni haya, na nitakupeni kama yanavyonijia.

Biti usilisukume mpaka mwisho wa tundu yake. Litie mpaka ligote, kisha lirudishe nje kidogo, unene wa shilingi, ndipo ukaze kwa spana. Likigota chini, joto likizidi linajisukuma na kulegea. Kisha weka mashine juu ya ubao ulionyooka, ishushe polepole mpaka ncha ya biti iguse mbao, iguse tu, kama unavyogusa chai kujua ni ya moto. Hapo funga. Hapo ndipo sifuri yako. Ubavuni mna kijiti cha chuma kinachoshuka na mashine, na chini yake mna kizuizi. Kijiti kikigusa kizuizi mashine haishuki tena. Ile nafasi iliyobaki baina ya kijiti na kizuizi ndiyo kina chako. Usiipime kwa macho. Chukua kipande cha mbao chenye unene ule ule unaoutaka, kitie katikati, shusha kijiti mpaka kikibane, kaza, kisha kitoe. Fundi Vuai alivipenda vipande hivyo kwa sababu vilimkumbusha kijiti chake cha kibiriti. Alivichonga seti nzima, akavitoboa, akavifunga kwa uzi wa katani kama tasbihi.

Na usichimbe kina chote kwa mara moja. Msaji na mvule ni miti yenye hasira. Ukitaka nusu inchi, iendee mara nne. Mfenesi unakubali zaidi, lakini usiuzoee. Kila ukimaliza kuweka kina, jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mbao ya kutupa haina mwenyewe, mlango una mwenyewe. Na ukimaliza kuchimba, wacha biti lipande lirudi ndani ya mashine, lisimame kabisa, ndipo uiweke chini.

Fundi aliongeza sheria moja yake mwenyewe. Rauta yetu ilikuwa na kitufe kidogo kwenye kishikio cha kulia. Ukibana swichi ukakisukuma kile kitufe kwa kidole gumba, swichi inabaki imebanwa hata ukiondoa mkono. Ni raha kwenye mfereji mrefu. Fundi alisema, "Atakayeiacha mashine na swichi imebanwa, akatafute karakana nyengine." Na hakuwa akitania.

Sasa nikwambieni habari za Makame.

Makame alikuwa mtu wa Tumbatu, tulikuwa rika moja, na kwa nakshi hakuna aliyemfikia pale Malindi. Alitumia mkono wa kushoto. Maua aliyoyachonga yeye yalilalia upande mwengine, na watu waliojua milango walikuwa wakiyatambua barabarani: huu wa Makame. Mtu wa maneno machache, mpole, akikuazima patasi anakurejeshea imenolewa. Tulifanya kazi meza moja miaka kumi na moja.

Siku ile ilikuwa mwezi wa Shaabani, na tulikuwa na mlango wa nyumba ya Mbweni ambao mwenyewe aliutaka kabla ya Ramadhani. Saa nne asubuhi nilikuwa katikati ya mfereji mrefu wa fremu, nimekisukuma kile kitufe ili nipumzishe kidole. Umeme ukakatika. Mashine ikafa mikononi mwangu. Miaka ile kukatika umeme lilikuwa jambo la kila siku, na ukikatika asubuhi mara nyingi hurudi alasiri. Nikailaza rauta mezani, nikajipangusa vumbi, nikaelekea mlangoni. Ng'ambo ya uchochoro palikuwa na mama muuza chai na mandazi, na mandazi ya mwanzo yalikuwa yakiondoka upesi.

Nilipokuwa kizingitini Makame aliniita.

"Khamis."

"Naam."

"Nataka kubadili kina, nikiweke cha mbao za kati. Ushazima?"

Mashine ilikuwa kimya. Karakana nzima ilikuwa kimya, na mimi kichwani mwangu mashine iliyo kimya ni mashine iliyozimwa. Sikugeuka hata kutazama.

"Nshazima," nikasema, nikatoka.

Nilikuwa nimekata tonge la pili la andazi umeme uliporudi. Nilijua umerudi kwa sababu redio ya yule mama ilianza kusema. Na chini ya sauti ya redio nikaisikia rauta yangu ikiwaka, kisha nikamsikia Makame. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah," kama mtu aliyekumbuka jambo.

Niliyoyaona sitayaeleza yote. Umeme ulimkuta ameshika biti kwa vidole vya mkono wa kushoto, analigusisha kwenye ubao kutafuta sifuri, kama tulivyofunzwa. Nilipofika, Fundi Vuai alikuwa ameshatoka uani na kumfunga mkono kwa kilemba chake mwenyewe. Mimi nilikwenda moja kwa moja ukutani nikachomoa plagi. Ndiyo kazi niliyoweza kuifanya, na ilikuwa imechelewa.

Hospitali walimkata kidole cha shahada na cha kati, karibu na shina. Cha pete walikiokoa, lakini hakikukunjika tena.

Jioni ile Fundi Vuai alisimama kando ya kitanda cha Makame, mimi nipo nyuma yake, akamuuliza taratibu, "Makame, ilikuwaje?"

Makame alikuwa ametazama dari. "Nilisahau swichi, Fundi. Ni mimi."

Nilisubiri anitazame. Hakunitazama. Na mimi, wanangu, nilinyamaza. Nilikuwa na watoto wanne na mdogo wao alikuwa bado ananyonya, na sheria ya Fundi ilikuwa inanizunguka kichwani. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake nikajiambia ngoja Makame apate nafuu. Watu wakija kumtazama walikuwa wakitikisa vichwa na kusema, fundi mzima kama yule, vipi asahau swichi. Mimi nilikuwa nikiwamiminia chai.

Nilikwenda hospitali kila siku. Nilimlisha, nilimnyoa, nilimpeleka msalani. Siku ya sita tulibaki wawili tu, nikamuuliza kwa nini alisema vile.

"Vidole vishakwenda," akasema. "Na wewe ukifukuzwa, vitarudi?"

"Lakini watu wanakusema wewe."

"Wacha waseme. Mimi sina mtoto anayenyonya."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Siku ya tisa nilifika karakana mapema, Fundi Vuai yuko peke yake, anafagia. Nilimwamkia, "Shikamoo Fundi," akaitikia, "Marahaba," bila ya kuinua uso. Nikasimama pale. Nikamwambia, "Fundi, ni mimi niliyeiacha swichi imebanwa. Makame aliniuliza, nikamwambia nshazima. Nimekuja kuchukua patasi zangu niondoke."

Aliendelea kufagia mpaka akafika ukutani. Kisha akauegemeza ufagio.

"Nnajua," akasema. "Makame anatumia mkono wa kushoto. Kitufe kile kiko kulia, hajapatapo kukigusa. Siku ile ile nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akavuta kigoda akakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka. "Ungekaa mwezi, ningekufukuza. Si kwa ajili ya swichi."

Nikamuuliza sasa niende au nibaki. Akasema, "Ukienda nani atamaliza mlango wa Mbweni? Kaa. Na adhuhuri, watu wote wakiwepo, utayasema haya tena."

Niliyasema. Mbele ya mafundi watano, na yule mama wa chai akiwa mlangoni na birika lake. Mmoja alisogea kidogo kwenye benchi ili nipate pa kukaa, na kwa kweli sikutegemea hata hilo.

Makame alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Patasi haikukaa tena mkononi mwake. Alijaribu, mimi nimesimama kando, na kila nyundo ilipopiga patasi iligeuka. Akaiweka chini taratibu, akaomba penseli, akaishika kwa mkono wa kulia. Mistari yake ya mwanzo ilikuwa kama ya mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Alichora kila siku, kwenye makaratasi ya kufungia sukari, kwenye mbao za kutupa, na ilipofika Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, wa mwaka uliofuata alikuwa anachora nakshi sisi tunachonga. Maua yalikuwa bado yanalalia upande ule wake.

Kuhusu rauta, wengi walidhani hataitaka tena mbele ya macho yake. Wiki ya kwanza tu alinijia mezani nilipokuwa nataka kubadili kina, akasema, "Leta nipime mimi." Nilichomoa plagi ukutani nikampa mkononi. Akaitia mfukoni mwa shati lake, waya unaning'inia, ndipo akaishika mashine. Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi ya karakana yetu: anayepima kina, plagi anayo yeye mwilini mwake. Ikiwa waya ni mfupi, mashine ndiyo inayomfuata. Tulichekwa sana na mafundi wa karakana za jirani. Walisema tunavaa mashine kama hirizi. Tukawaacha wacheke, na wengine wao baadaye nikawaona na wao wameivaa.

Fundi Vuai alifariki akiwa mzee sana, Mungu amrehemu, na karakana tukaiendesha mimi na Makame. Lipo jambo sikulijua mpaka siku moja tulipokuwa tumekaa tunapaka mafuta kasha la bibi harusi. Ilikuwa miaka mingi ishapita, na sijui kwa nini siku ile ndiyo niliyomuuliza.

"Makame, siku ile hukuitazama plagi?"

Aliendelea kupaka mafuta kwa kile kitambaa, anafuata uzi wa mti.

"Niliitazama," akasema. "Niliiona imo ukutani."

Mkono wangu ukasimama.

"Nikataka kwenda kuichomoa. Kisha nikasema, Khamis keshaniambia kazima. Nikenda kuichomoa na yeye yuko pale ng'ambo kwenye chai ananiona, atadhani simwamini. Nikaona haya."

Miaka yote ile nilidhani kosa letu lilikuwa swichi. Kumbe mtu alitoa vidole vyake kwa kunistahi mimi, na mimi nilikuwa nawahi andazi. Nililia, sioni aibu kukwambieni, na yeye akanisukumia kile kitambaa cha mafuta nipanguse macho, kisha akakumbuka kina mafuta akakirudisha. Tukacheka.

Nilipotulia nikamwambia, "Nisikilize, yakhe. Tangu leo, nikikwambia nshazima, nenda kachomoe. Nenda nikiwa nakutazama. Usinionee haya tena maisha."

"Hutachukia?"

"Sitachukia."

Kwa hiyo, wanangu, vipimo nimekupeni na vijiti nimekupeni, na hayo mtayazoea katika mwezi mmoja. Hili la haya ndilo gumu, kwa sababu sisi tumelelewa kumstahi mtu, na neno la mwenzako kulirudia kulikagua ni kama kumwambia mwongo. Mkagueni. Na ukikaguliwa wewe, usinune.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minne myengine baada ya siku ile. Kila nilipomwambia Makame nshazima, aliinuka, akapita mbele yangu mpaka ukutani, akachomoa plagi kwa ule mkono wake wenye vidole vitatu. Na kila mara nilimwambia ahsante.